Kasida ya Mwalimu Wetu

Mwalimu wetu wa chuoni alipotangulia mbele ya haki, sisi tuliosoma kwake tuliazimia kumtungia kasida ya kusomwa Mfunguo Sita. Zana zetu zilikuwa matari mawili na baraza ya nyumba yake. Tulianza na sauti, tukaivumisha bila maneno hadi ikatulia. Kisha tukaijaza kwa kipimo cha utenzi: mishororo minne, kila mmoja mizani 8, na wa nne ukibeba kina kimoja toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho.

Ubeti wa tatu ulikuja kwa wepesi: tulisema hakupata kukasirika. Vina vilikaa sawa. Binti yake, aliyekuwa akitutilia kahawa, akacheka huku akilia: "Huyo si mama."

Kweli. Bakora yake twaikumbuka sote, na tende alizotugawia baadaye. Tukaufuta ubeti, tukahangaika siku mbili hadi bakora na tende zikaingia pamoja.

Tulipoisoma, binti aliomba tuurudie ubeti ule.

Mola amrehemu mwalimu wetu, na atujaalie kuwataja wazee wetu kwa kweli. Amin.