Chombo Kisichojua Kuelea

Mnamo 1934, kiwanda cha English Electric kilichokuwako Preston, kaskazini mwa Uingereza, kiliunda tramu 12 zenye umbo la mashua. Zilikwenda mitaani juu ya reli kwa nguvu ya umeme, hazina paa wala madirisha. Tezi hazikuwa nayo: ncha zote mbili zilikuwa omo, na zilipofika mwisho wa njia, nahodha alihamia upande wa pili, safari ikaanza upya. Katikati palisimama mlingoti usiobeba tanga, bali ufito wa kugusa waya wa umeme.

Zilikusudiwa mji wa Blackpool, wapumzikao watu ufukweni wakati wa kiangazi. Huko ndiko mpenzi mmoja wa tramu, ambaye leo ni mzee, alikoipanda nambari 228 utotoni, mkono wake katika mkono wa baba. Akumbukacho ni chumvi midomoni, na abiria waliokuwa wakiwapungia watu njiani kana kwamba wanang'oa nanga. Wingu likitanda, mashua ilirudishwa bandani. Mabaharia wa kwetu wangecheka: chombo gani hiki kinachokimbia mvua?

Mnamo 1963 Blackpool ilifunga njia ya mwisho ya tramu za ndani ya mji, ikabaki ile ya ufukweni tu. Mashua nazo zikapungua. Nambari 228 ilihamia San Francisco, Marekani, ikaanza kubeba abiria huko katika miaka ya 1980. Hivyo chombo kilichoishi miaka yote kando ya bahari kiliivuka hatimaye, lakini kikiwa shehena katika tumbo la meli nyingine.

Mzee huyo aliihuzunikia safari hiyo kama msiba. Baba alikwisha kufa. Mashua ilikuwa shahidi wa mwisho wa mkono ule. Miaka mingi baadaye aliifuata. Akaikuta barabara ya Embarcadero, kando ya ghuba, imejaa watoto wasiolijua hata jina la Blackpool, nao wakiwapungia watu njiani vilevile.

Hapo huzuni yake ilipungua. Tangu 2013 mashua hiyo ina mwenziwe, nambari 233, kutoka Blackpool vilevile. Alichodhani kuwa ni kumbukumbu yake peke yake kilikuwa na nafasi ya abiria wengine, na baba zao.