Dadu, vyumba 35 na fundi wa nyumba ya mama

Huku Uingereza sisi wazima, baridi tu ndiyo haina adabu. Poleni na joto la Dar.

Leo nawaletea stori ya kazini, na mtaona kwa nini inawahusu. Wiki iliyopita bosi alitukalisha mezani, mafundi watu wazima, tukacheza dadu! Si kamari jamani, ni somo. Mchezo wenyewe uliandikwa na Tommelein, Riley na Howell wa Marekani mwaka 1999. Unafundisha kupanga ujenzi bila upotevu, mtindo wenye asili ya viwanda vya Toyota.

Mnakuwa watano: fundi zege, matofali, bomba, plasta na rangi. Kuna vipande 35, tuseme ni vyumba. Kila mzunguko ni wiki moja. Unarusha dadu, namba inayotokea ndiyo uwezo wako wa wiki hiyo, kisha unampa vyumba anayefuata. Lakini huwezi kutoa ambacho hujapokea.

Kwanza tulicheza bila dadu, kila mtu vyumba 5 kwa wiki. Tukamaliza wiki ya 11. Halafu tukapewa dadu yenye 1 pande tatu na 9 pande tatu. Pigeni hesabu, wastani ni uleule 5. Tukamaliza wiki ya 17! Mimi nilikuwa wa rangi. Natupa 9, mezani nina chumba kimoja. Nguvu ya vyumba 8 imepotea hivyo, wiki ijayo hairudi. Na hakuna mvivu hata mmoja pale mezani.

Sasa nije nyumbani. Kila nikipiga simu nasikia fundi wa nyumba ya mama afukuzwe, mvivu, kiazi. Jamani, mwezi mmoja saruji inafika ya kumwaga, mwezi unaofuata hata mchanga hakuna. Atapiga plasta ukuta ambao mabomba hayajapita? Siku anayokaa bure halipwi, na ana watoto. Akienda kutafuta kibarua kwingine tunasema katukimbia.

Glenn Ballard, aliyeandika tasnifu yake hapa Birmingham mwaka 2000, anasema anayeifanya kazi ndiye aahidi kazi ya wiki. Na aahidi tu ile ambayo vifaa vyake vipo na aliyemtangulia kamaliza. Mwisho wa wiki mnahesabu ahadi. Zilikuwa 10, zimetimia 6? Ulizeni zile 4 zimekwamishwa na nini, msianze na nani.

Kaka, nakuomba Jumamosi ukae na fundi, daftari mkononi, muandike kazi za wiki moja tu. Shangazi awe na nakala, maana yeye hasahau! Ambacho vifaa vyake havipo kisiandikwe. Tufanye hivyo wiki nne. Tukikuta vifaa vilikuwepo na ahadi hazikutimia, mimi wa kwanza kusema aondoke. Lakini tukimfukuza leo, fundi mpya atakuta mchanga uleule haupo, na mama ataendelea kulipa kodi ya chumba.

Nasubiri jibu la Kaka kabla ya Jumamosi. Mfikishieni mama shikamoo yangu.

Wasalaam.