Dawa Moja, Maini Mawili

Juma hili twapenda kuzungumza na akina mama juu ya jambo lililozua fitina katika nyumba zaidi ya moja: wagonjwa wawili wa kifua kikuu humeza dawa ile ile, mmoja akapona bila taabu, mwenziwe akalalamika kila uchao.

Miongoni mwa dawa hizo imo isoniazidi, inayotumika dhidi ya maradhi haya tangu 1952. Ikishaingia damuni, ini huishughulikia kwa kimeng'enya maalumu, ikapoteza nguvu na kutoka kwa mkojo. Wako watu ambao ini lao hufanya kazi hiyo kwa haraka. Nusu ya dawa huwa imeondoka kwa saa moja hivi. Wengine huchukua saa mbili hadi nne. Ini la pole si ini gonjwa. Ni urithi, na mtu hawi nao ila aupokee kwa baba na kwa mama pia, kwa hiyo asilaumiwe ukoo wa mama peke yake, kama ilivyo ada yetu. Kule Japani wenye ini la pole ni kama mmoja katika kumi. Misri ndio wengi. Kwetu Afrika Mashariki aina zote mbili zimejaa, hata ndani ya nyumba moja.

Huko Olenguruone, ukingoni mwa msitu wa Mau, tulimzuru jamaa yetu mfanyabiashara. Mkewe na dadake walikuwa wakitibiwa pamoja. Mwezi wa tatu mke akaanza kuhisi ganzi na mchomo nyayoni. Mahali pale pana baridi kali, basi kila aliyesikia alisema ni baridi, akanunuliwa soksi za sufi. Hazikufaa kitu. Wifi yake, aliyemeza vidonge vile vile bila shida, akanena kuwa mwenzake anadeka ili asiende shambani, na mavyaa akasadiki. Bibi yule kwa uchungu akaanza kuficha dawa chini ya mto. Maneno yale ya jikoni yalikaribia kumwua, kwani dawa ikikatizwa viini huwa sugu, na watoto walilala chumba kimoja naye.

Mhudumu wa afya ndiye aliyeuliza swali la maana: kile kidonge kidogo cha vitamini B6 kiko wapi? Kumbe alikiweka kabatini tangu mwanzo, akidhani ni cha wasiopata chakula. Isoniazidi huipunguza vitamini hiyo, nayo mishipa ya fahamu huihitaji; na dawa inapokawia mwilini, upungufu huzidi. Wajawazito, wanaonyonyesha, wenye kisukari na wenye virusi vya UKIMWI wako hatarini zaidi. Alipoanza kukimeza, ganzi ilipungua wiki baada ya wiki. Dawa zenyewe hakuziacha.

Je, mwenye ini la haraka hataponyeka? Ataponyeka. Tofauti ilidhihiri pale isoniazidi ilipotolewa mara moja tu kwa wiki. Ikimezwa kila siku pamoja na wenzake, wote hufaidika. Utafiti wa Afrika Mashariki uliochapishwa 1972 ulionyesha kuwa miezi 6 yatosha ikiwa isoniazidi imeungwa na rifampisini. Mkojo kuwa mwekundu ni kazi ya rifampisini, usiwatishe. Macho yakiwa manjano, au mgonjwa akitapika mfululizo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Na watoto? Mwili wao huiondoa isoniazidi upesi kuliko wa mtu mzima, ndiyo maana mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipandisha kipimo chao kwa kila kilo ya uzito. Kenya ilianza kutoa vidonge vyao vya kuyeyushwa majini, vyenye ladha ya matunda, mwaka 2016. Mama, usimkatie mwanao nusu ya kidonge chako.