Kahe, mifereji na mkono uliolala

Ukishuka kutoka Moshi mjini hadi Kahe, joto huongezeka na Kilimanjaro unabaki nyuma yako. Huku maji ya chemchemi ya Miwaleni hufika mashambani kwa mifereji. Mfereji ukiziba, wakulima huchimba njia nyingine, jembe kwa jembe.

Ubongo uliopigwa na kiharusi nao hutafuta njia. Seli zilizokufa hazirudi, lakini sehemu jirani zinaweza kujifunza baadhi ya kazi zake, mradi kiungo kitumike mara nyingi. Ndiyo maana mgonjwa anayetoka hospitali kama KCMC hutakiwa kuendelea na mazoezi: kushika kikombe, kukiachia, kukishika tena.

Basi kazi kubwa iko nyumbani. Kwa upendo, watoto humvalisha baba shati na kumbebea kila kitu, na mkono unazidi kulala. Mwacheni afunge vifungo mwenyewe, hata ikichukua robo saa. Kaeni karibu asianguke, wala msimharakishe. Si kila kilichopotea hurudi, lakini mfereji usiochimbwa haupitishi maji.