Kuhesabu mlio wa Peugeot 504 kwa simu

Leo hakuna seva wala hifadhidata. Nataka tuzungumzie gari kuukuu, simu ya kawaida, na mistari michache ya Python. Wenye haraka ya namba warukie katikati, lakini namba zenyewe hazina maana bila watu.

Nyumbani kwetu ni Ndithini, Machakos. Kila Jumamosi ninapopata nafasi huwa natoka Nairobi kwenda huko, na Jumamosi huko ni siku ya magari. Chini ya mwembe wetu hukusanyika mwalimu mstaafu na pikapu yake ya Datsun 1200, jirani mwenye Land Rover ambayo haijawahi kuwa na milango yote minne kwa wakati mmoja, watoto wasiohesabika, na baba yangu na Peugeot 504 steshenwagoni yenye safu tatu za viti. Hakuna anayelipwa. Mmoja analeta spana, mwingine analeta maneno, mama analeta muthokoi.

Kwa vijana waliozaliwa na kukuta Probox: 504 ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, na kwa miaka mingi ilikuwa ikiunganishwa hapa Kenya, kwenye kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers kule Mombasa. Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda Safari Rally akiendesha 504, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda kwa 504 ya koupe yenye injini ya V6. Lakini haikupendwa vijijini kwa sababu ya mashindano. Ilipendwa kwa sababu ilibeba abiria, mbuzi na magunia kwa safari moja, na kwa sababu fundi aliweza kuitengeneza popote. Silinda zake ni mabomba yanayochomoka. Zikilika, unatoa bomba la zamani unaingiza jipya, huhitaji kupeleka bloku kwenye mashine ya kuchonga. Mtu wa programu angesema imejengwa kwa moduli.

Sasa tuje kwenye tatizo. Mwaka jana injini ilianza kugonga. Tak-tak-tak-tak, hasa ikiwa imesimama bila kukanyagwa mafuta. Fundi mmoja wa mjini aliisikiliza dakika mbili akasema beringi za krankshafti zimekwisha, injini ishushwe yote, shilingi elfu sabini bila vipuri. Ndugu yangu mkubwa akapiga hesabu ya upande wa pili: mnunuzi wa vyuma chakavu atatoa kiasi gani kwa kilo? Kwa kweli hakuwa mkatili. Ana watoto wawili shule ya upili.

Na baba? Baba alisema hasikii kitu chochote. "Injini iko sawa," alisema, akafunga boneti.

Hapo ndipo penye uzito. Baba amekuwa fundi wa malori maisha yake yote, na sifa yake yote ilikuwa masikio. Watu walikuwa wakimletea lori, anasimama kando mikono nyuma, halafu anataja silinda yenye kasoro kabla hajagusa spana. Kelele za miaka zimekula masikio hayo. Sauti nene anazipata, nyembamba zimepotea. Hakuna aliyelitamka nyumbani. Tuliona tu kwamba Jumamosi zilikuwa zinapita bila boneti kufunguliwa, na kwamba mwalimu akiuliza "Mzee, leo vipi?", jibu lilikuwa kazi za shamba.

Mimi sina masikio ya baba. Nina digrii ya kompyuta. Kwa hiyo nilirudi kwenye swali ambalo naliuliza kazini kila siku: kabla ya kubishana ni kasoro gani, je, inaweza kupimwa?

Inaweza, na hesabu yake ni ya shule ya msingi. Injini ya 504 ina silinda nne na mipigo minne. Maana yake, krankshafti ikizunguka mara mbili, kila silinda imewaka mara moja. Kwa hiyo kila mzunguko mmoja una miwako miwili. Kamshafti, ile inayofungua vali, huzunguka nusu ya kasi ya krankshafti. Ukijua kasi ya injini, unajua kila kitu kinatakiwa kugonga mara ngapi kwa sekunde.

Gari letu halina mshale wa kuonyesha mizunguko. Nikarekodi sauti kwa simu, sekunde kumi, nikaipitisha kwenye programu ndogo inayochambua masafa. Maikrofoni ya simu ni dhaifu kwenye sauti nene sana, lakini vilele vilijipanga wazi kwenye 56 na 84 Hz, na kidogo kwenye 28. Mwendo wa 28 basi ndio miwako kwa sekunde. Gawa kwa mbili: krankshafti inazunguka mara 14 kwa sekunde, yaani mizunguko 840 kwa dakika. Gawa tena kwa mbili: kamshafti mara 7.

Kisha nikachuja sauti nene zote nikabaki na ile tak-tak peke yake, nikahesabu. Kwa sekunde kumi: migongo 70. Saba kwa sekunde. Mlio unakwenda na kamshafti.

Nilimwonyesha baba kwenye skrini. Usidhani alifurahi. Aliangalia mchoro kwa muda mrefu, akaniuliza kila kilele ni nini, kisha akaniuliza swali lililonifanya ninyamaze: "Pistoni ikiwa imelegea kwenye bomba lake, inagonga wakati gani?"

Hugonga zaidi inaposukumwa na moto. Na moto kwa kila silinda huja mara moja kwa mizunguko miwili. Yaani saba kwa sekunde, vilevile.

"Basi hiyo namba inatosha kunifanya nitafute," alisema, "haitoshi kunifanya nifungue." Akaenda kuleta koleo lenye mpini wa mpira.

Mafundi wa zamani wanaijua mbinu hii, nami niliijua siku hiyo. Injini ikiwa inanguruma, unachomoa waya wa plagi moja tu. Silinda hiyo haiwaki tena. Kama mlio ni wa pistoni au wa beringi ya chini, utapungua, kwa sababu mzigo umeondoka. Kama ni wa vali, hautajali, maana vali hufunguliwa na kamshafti, moto uwepo usiwepo. Unarudisha waya, unakwenda kwenye silinda inayofuata. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Wenzangu wa programu, mnaitambua.

Baba alichomoa, mpwa wangu wa miaka kumi alikuwa masikio. "Umebadilika?" "Bado, Umau." Waya wa pili. "Bado." Silinda nne zote, hapakuwa na tofauti. Ni vali.

Vali hurekebishwa injini ikiwa imepoa, kwa hiyo tulikula. Baada ya chakula tulitoa kifuniko cha juu na plagi zote, tukaweka gia ya nne, watoto wakasukuma gari taratibu ili injini ijizungushe hadi baba aseme "simama." Nadhani hiyo ndiyo sehemu ambayo watoto wataikumbuka. Baba alipima kila nafasi kwa vibati vya kupimia. Vali ya kutolea moshi ya silinda ya tatu ilikuwa na nafasi kubwa mno, nati yake ya kufungia ilikuwa imelegea. Nafasi ya vali ya moshi huachwa kubwa kuliko ya kuingizia, kwa sababu vali hiyo hupata joto zaidi na kurefuka, lakini ile ilikuwa imepitiliza. Mpwa alishika bisibisi, baba akashika spana, wakaikaza pamoja. Injini haikushushwa, na hatukununua hata kipuri kimoja.

Tuliwasha. Nikarekodi tena: vilele vya miwako vipo, migongo 70 haipo. Baba hakuangalia simu. Aliweka kiganja juu ya kifuniko cha injini akakiacha hapo, kisha akamuuliza mpwa, "Wewe unasikiaje?" Kwa mara ya kwanza alikuwa ameuliza mbele ya watu.

Sitawadanganya kwamba teknolojia imemrudishia baba masikio. Daktari wa masikio amemwona, kifaa cha kusikia kinamsaidia kwenye mazungumzo, kando ya injini anakivua. Wala ndugu yangu hajaacha kuuliza bei ya chuma, karo haingoji. Kilichobadilika ni kwamba boneti inafunguliwa tena. Datsun ya mwalimu imesharekodiwa, na Land Rover iko kwenye foleni. Baba ana daftari la kurasa 96 ambamo mpwa huandika tarehe, mizunguko na mlio, na baba humtajia maana yake. Miaka yote alipokuwa akisikia vizuri hakuwahi kumwambia mtu yeyote anasikia nini. Sasa analazimika kueleza.

Ukitaka kujaribu: rekodi injini ikiwa na joto lake la kawaida, simu iwe mbali na feni, sekunde kumi zinatosha. Tafuta kwanza mwendo wa miwako, ndipo uhesabu mlio. Ukiona unalingana na krankshafti, usiendeshe, mwite fundi. Ukiona unalingana na kamshafti, bado mwite fundi, ila muulize aanze na nyaya za plagi kabla hajakutajia elfu sabini.