Sura Tatu kwenye Bodi Moja

Katika miaka ya 1990 matatu, gari za abiria, za mtaa wa Umoja Innercore jijini Nairobi zilichorwa kwa mkono. Mtoto aliyetoka shule mapema aliweza kusimama gereji akaona kazi nzima, kuanzia kupiga msasa hadi vanishi, na mimi nilisimama mara nyingi. Fundi alifunika madirisha kwa magazeti, akapuliza rangi ya chini, kisha akachora sura ya rapa Tupac ubavuni. Kando yake akaichora tena, ndogo kidogo, halafu ya tatu ikififia kuelekea mlango wa nyuma.

"Fundi, mbona mtu mmoja umemrudia?" nilimuuliza.

Hakugeuka. "Kijana, gari likikimbia Jogoo Road, mmoja hutamwona. Watatu utawaona."

Jibu hilo limenifaa kuliko vitabu vingi nilivyosoma baadaye kuhusu sanaa ya majaribio. Andy Warhol alipoanza kuchapa sura ya Marilyn Monroe mara nyingi kwenye turubai moja, mwaka wa 1962, wachambuzi waliona humo kiwanda na biashara: picha inayotoka kama bidhaa. Gereji ya kwetu iliifikia mbinu hiyo hiyo kupitia mwendo. Mtu aliye stejini ana sekunde chache za kutazama, na fundi alichora kwa ajili ya sekunde hizo.

Mbinu ya pili ilikuwa kukutanisha visivyojuana. Bodi moja ilibeba mwanamuziki wa Marekani, maneno ya Biblia, nembo ya timu ya Uingereza na jina la gari kwa herufi zilizopasuka kama kioo. Hannah Höch alifanya jambo la aina hiyo kwa mkasi na magazeti mjini Berlin baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ila kwangu ndugu wa karibu zaidi wa gari zetu yuko Lamu: Omar Said Bakor, aliyefungua studio yake katika miaka ya 1960, akawa anakata picha za watu na kuziunganisha na picha nyingine mpaka mteja akajikuta mahali ambapo hakuna kamera ambayo ingeweza kumfikisha. Inaniuma kwamba wanafunzi wetu wa sanaa humjua Warhol kabla ya Bakor.

Ndani ya gari, masikio yalipata darasa lao. Kaseti za miksi zilikuwa na DJ aliyekirudisha kipande kimoja cha wimbo tena na tena, na juu yake makanga akipiga bodi kwa kiganja: "Umo, Umo, Umo!" Injini, honi, mwito na besi vilikuwa kitu kimoja. Huko Cairo, mwaka wa 1944, Halim El-Dabh alirekodi sherehe ya zari, ya kupunga pepo, kwa mashine ya waya, akaibadilisha sauti hiyo hadi ikawa utunzi mpya. Pierre Schaeffer alitoa utunzi wake wa sauti za treni jijini Paris baadaye, mwaka wa 1948. Kwa hiyo kutunga kutokana na kelele za dunia kuna mizizi Afrika, na Nairobi imeiendeleza. Joseph Kamaru, anayejulikana kama KMRU, alizaliwa hapa mwaka wa 1997, mjukuu wa Joseph Kamaru yule wa nyimbo za Kikuyu. Katika albamu yake Peel, ya mwaka wa 2020, sauti alizorekodi mazingirani zinanyooshwa polepole hadi huwezi tena kusema zimetoka wapi. Mtu aliyepanda gari zetu huisikiliza bila kuhitaji maelezo.

Kisha rangi zikazimwa. Kanuni za Waziri wa Uchukuzi John Michuki, zilizotolewa mwaka wa 2003 na kuanza kutekelezwa Februari 2004, zilileta mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano ubavuni. Usalama ulihitajika, sibishani. Lakini mtaa ulinyamaza machoni, na mafundi kadhaa niliowajua waligeukia kuandika mabango ya vinyozi.

Mbinu zenyewe hazikufa. Mwaka wa 2010 kundi la Just A Band lilitoa video ya "Ha-He", na Makmende, jina tulilotaniana nalo utotoni, akarudi akiwa shujaa wa mtindo wa filamu za miaka ya 1970. Mwaka wa 2012 wachoraji wa grafiti walijaza kuta za katikati ya jiji wanasiasa wenye kichwa cha tai mla mizoga. Cyrus Kabiru aliokota nyaya na vyuma chakavu akaunda miwani, zile C-Stunners zilizomtoa nje ya nchi. Dennis Muraguri alichonga matatu kwenye mbao na kuzichapa kwenye karatasi, na hivyo gari lililofutwa barabarani likaning'inia ukutani.

Miaka kumi hivi baada ya kanuni zile, Rais Uhuru Kenyatta alitaka grafiti iruhusiwe tena, na manyanga, matatu za madoido, zikarudi kwa kishindo. Siku hizi nyingi huvishwa stika zilizochapwa kwa kompyuta, na ndani kuna skrini kila upande. Zinang'aa, na vijana wanaozibuni wana ujuzi ninaouheshimu. Ila kompyuta ikirudia sura mara tatu, zote tatu huwa sawasawa. Mkono wa fundi ulibadilika kidogo kila mara, na katika tofauti hiyo ndimo sura ilimotembea. Hapo tumepoteza kitu, na nasema hivyo nikiwa nazipenda gari mpya.

Mwaka wa 2022 kundi la Wajukuu, kutoka Lunga Lunga, Mukuru, Nairobi, lilijenga kwa mabati kuukuu mlango wa ukumbi wa maonyesho ya sanaa ya documenta mjini Kassel, Ujerumani, na kazi yao ikahifadhiwa kwa picha nyingi. Gari za Umoja hazikupata bahati hiyo. Bodi hupigwa msasa na kupakwa upya, na mwishowe huuzwa kama chuma chakavu.

Basi msomaji, kama una picha ya harusi, ya ubatizo au ya safari ya shule ambamo gari la miaka ile limesimama nyuma ya watu, usiikate ukabaki na watu tu. Iskani nzima, andika nyuma yake mwaka na steji, na ukimkumbuka fundi aliyechora, andika na jina lake.