Neno Nililolikata kwa Wino Mwekundu

Leo naomba nizungumze nanyi juu ya vinywaji, ingawa kisa chenyewe ni cha neno moja.

Nilizaliwa Kashozi, kaskazini ya mji wa Bukoba, ambako Wamisionari wa Afrika walifungua misheni mwaka 1892. Divai tuliijua altareni tu. Nyumbani tulikuwa na rubisi. Ndizi zilivundikwa zikaiva, zikamenywa, zikakanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti. Maji yake yalichujwa, yakatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, kisha yakafunikwa kwa majani ya mgomba. Kesho yake kinywaji kilikuwa tayari, na baba hakuonja kabla jirani hajapelekewa kibuyu chake.

Baadaye ualimu ulinizungusha nchini. Dodoma, katika ardhi kame ambamo mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, niliipenda divai nyekundu ya zabibu za Makutupora, kavu na yenye ukakasi kidogo. Moshi nilikaribishwa mbege ya ndizi na ulezi. Iringa, ulanzi ugemwao kwenye mianzi. Pwani, tembo la mnazi, la mgema ambaye sikuthubutu kumsifu. Majina nayo yamesafiri: mvinyo tuliupata kwa Wareno, zabibu kwa Waarabu, na divai inanukia Kifaransa. Kiswahili kiliyapokea yote bila kuyauliza kabila.

Mimi sikuwa na ukarimu huo. Mwaka mmoja mwanafunzi aliandika katika insha kwamba babu yake aliwakaribisha wageni kwa rubisi. Nililikata neno kwa wino mwekundu, nikaandika pembeni "pombe ya ndizi", nikapunguza alama. Likizoni nilimsimulia baba kwa majivuno. Alinyamaza kitambo.

"Mwanangu," akasema, "pombe hununuliwa. Rubisi hupelekwa."

Sikuwa na jibu. Ulanzi na mbege nilikuwa nimeziacha zipite katika madaftari mangapi! Neno la Kihaya, la nyumbani kwangu, ndilo nililolionea haya.

Baba hayupo tena. Mnyauko wa migomba nao uliingia Kagera katika miaka ya 2000, ukaangamiza mashamba mengi, na migomba ya pombe haikusalimika. Mtumbwi wa baba umepasuka. Kuku hutagia humo. Kijana anayetaka kujua rubisi ilivyokanyagwa sasa hana budi kuanza na neno, na neno hilo niliwahi kulifuta kwa mkono wangu.

Nikiulizwa kinywaji nikipendacho, mezani nitaitaja Makutupora. Kwa ujirani, sina kingine ila rubisi. Nawe mwanafunzi wangu, popote ulipo, zile alama nakurudishia.